Lipieni msimu, msilipie fungu

Ndugu Mhariri,

Kila nyanya zinapojaa Ilula mpaka mkulima anaona heri zimwozee shambani kuliko kulipia tenga na vibarua wa kuchuma, kauli zinazosikika ni zilezile: tujengewe kiwanda, tutafutiwe soko la nje. Kiwanda kije, hatuna ugomvi nacho. Lakini mwendo wa saa moja tu kwa gari kutoka hapo, Iringa mjini, kuna mama anayepima kwa macho fungu la nyanya nne na kuondoka ananung'unika. Mbeya ni hivyohivyo: karoti zinang'olewa Uyole, zinapelekwa soko la Mwanjelwa, na wiki hiyohiyo zinarudi Uyole kwenye kibanda cha mtaani zikiwa zimeshalala siku mbili. Katikati wamesimama dalali, mwenye gari, mwenye kizimba na mchuuzi. Hatuwatukani, kila mmoja ana kazi yake. Kasoro ni kwamba wote wanamlipa mkulima baada ya mazao kuiva, siku ambayo hana tena ubavu wa kukataa bei.

Tunachopendekeza ni kaya za mjini kumlipa mkulima wa jirani kabla hajasia mbegu, kisha kuchukua kapu la mboga kila wiki kwa msimu mzima, pamoja na kubeba sehemu ya hasara shamba likipata pigo. Si jambo la kubuni. Wajapani wanaliita teikei. Lilishika kasi miaka ya 1970, walaji wengi wao akina mama walipochoshwa na vyakula vyenye sumu za viuatilifu. Marekani mashamba ya kwanza ya mtindo huu yalianza mwaka 1986, Massachusetts na New Hampshire. Ufaransa wameanza 2001, na leo wana vikundi vya aina hiyo karibu kila mkoa. Na sisi hatuna haja ya kujifanya wageni wa kulipa mapema: Mtanzania anachanga harusi miezi mitatu kabla ya kuiona pilau, na kadi anaitunza.

Wanaojaribu huku kwetu hukwama mapema kwa sababu wanalianza kama mpango wa kununua kwa bei ya chini. Bei ya kapu haitokani na bei ya sokoni. Inatokana na bajeti ya shamba kugawanywa kwa idadi ya kaya, na asiyekubali hilo asijiunge, maana wiki ambayo sado (kopo la kupimia) ya nyanya imeshuka Mwanjelwa ataona anaibiwa, na wiki ambayo imepanda atakaa kimya.

Tuchukue kaya 40. Si idadi ya bahati. Kapu la kawaida lina kama kilo 9 hadi 10, hivyo makapu 40 ni kilo 400, mzigo wa kirikuu moja, kigari kidogo cha mizigo, kwa safari moja. Gari likikodiwa kwa shilingi 50,000, kila kapu linabeba nauli ya 1,250. Kaya zikiwa 15 nauli ileile inakuwa zaidi ya 3,300 kwa kapu, na hapo mpango umekufa kabla mchicha haujaota. Zikizidi 40 mkulima anayeanza anashindwa kupanga awamu za kupanda.

Ndani ya kapu la wiki weka mafungu manne ya majani (sukuma wiki, chainizi, figiri, mnavu, majani ya maboga, kwa kupokezana), karoti kilo moja, nyanya kilo mbili zikianza, vitunguu kilo moja, viazi mviringo kilo tatu, kabichi moja kila wiki mbili, na njegere au maharage mabichi nusu kilo yanapokuwepo. Mkulima asijionyeshe kwa kupanda zukini na brokoli. Wiki ya kwanza watu watacheka, ya pili watagawia majirani, ya tatu watauliza kama wanaweza kurudishiwa fedha.

Mboga hizo, ukiacha viazi na vitunguu, zinataka robo tatu ya eka hadi eka moja yenye maji ya uhakika. Viazi na vitunguu ni busara kuvinunua kwa wakulima wengine kwa makubaliano ya mapema: viazi Umalila au Uporoto, vitunguu Ruaha Mbuyuni kwa walio Iringa. Viazi vya kaya 40 kwa wiki 24 ni kilo 2,880. Kwa mavuno ya kawaida ya mkulima mdogo hiyo inakaribia eka nzima, na hakuna sababu ya kumbebesha mtu wa bustani mzigo huo.

Msimu tunaoushauri ni wa kiangazi, Jumamosi ya kwanza ya Juni hadi katikati ya Novemba, wiki 24. Masika majani ni rahisi lakini nyanya ni vita: kuanzia Januari hadi Aprili ugonjwa wa bakajani chelewa unaweza kuliteketeza shamba ndani ya wiki moja, na anayeahidi kapu lenye nyanya mwezi Aprili anaahidi kupiga dawa kila baada ya siku chache. Kwa hiyo kitalu cha nyanya kisiwe kabla ya siku kumi za mwisho za Machi. Miche inahamishwa mwishoni mwa Aprili mvua zikipungua, na kwa baridi yetu uvunaji unaanza wiki ya mwisho ya Julai. Maana yake wiki saba za mwanzo kapu halina nyanya kabisa, na liandikwe hivyo kwenye mkataba kwa herufi kubwa. Hakuna jambo linalovunja vikundi kama mtu aliyelipa mapema kupokea majani matupu bila kuambiwa.

Hesabu ya nyanya ndiyo inayokosewa kuliko zote, kwa hiyo tuipige taratibu. Kaya 40 mara kilo mbili ni kilo 80 kwa wiki. Ongeza za kupasuka, zilizotobolewa na kiwavi wa kantangaze na za kuoza, panga kilo 100. Usipande zote siku moja. Sia kitalu kipya kila wiki ya tatu, kila awamu ilete kilo 300. Mche mmoja wa nyanya uliofungwa kwenye mti vizuri hutoa zaidi, lakini kwa kupanga tumia kilo moja na nusu tu ya nyanya zinazofaa kupelekwa kwa mtu. Hapo awamu moja ni miche 200, na kwa nafasi ya sentimita 90 kwa 60 inachukua kama meta za mraba 108. Mkulima aliyezoea kuuza kwa tenga atapanda miche 1,200 kwa mkupuo kwa sababu ndivyo dalali anavyotaka, kisha Agosti anazo za kumwaga na Oktoba hana hata moja ya kachumbari.

Karoti ni mpole zaidi. Sia matuta ya meta za mraba 40 kila wiki mbili kuanzia mwanzoni mwa Machi, na usizihamishe, zinatoa mizizi yenye pembe. Zikikomaa zinasubiri ardhini wiki mbili tatu bila kuharibika, ndiyo maana ni zao la kuokoa kapu wiki mbaya. Kabichi za kwanza zinasiwa mwanzoni mwa Februari, zinahamishwa katikati ya Machi. Kila mara hamisha 50 ukitegemea 40. Mchicha wa Juni na Julai maeneo ya juu hudumaa kwa baridi. Tegemea sukuma wiki na figiri hadi Agosti. Na bonde linalopata sakitu, yaani umande ulioganda, kama sehemu nyingi za Makete na Uporoto, lisipewe nyanya wala maharage miezi hiyo. Asubuhi moja tu majani yanakuwa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto.

Viazi na nyanya ni ndugu, wanaambukizana. Visipandwe jirani, wala kufuatana kwenye tuta moja. Mnyauko bakteria huingia shambani kupitia mbegu ya viazi iliyonunuliwa sokoni, na ukishaingia haufukuzwi na dawa yoyote ya dukani. Kuutambua hakuhitaji maabara: mche ukinyauka mchana majani yakiwa bado ya kijani, kata shina karibu na ardhi, litumbukize kwenye glasi ya maji masafi bila kulitikisa, subiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye shina, ndio wenyewe. Ng'oa mche na udongo wake, uchome, na sehemu hiyo panda mahindi au kabichi misimu kadhaa.

Sasa fedha. Chukua mfano wa kapu la shilingi 15,000 kwa wiki, yaani 360,000 kwa msimu, milioni 14.4 kwa kaya 40. Takwimu hizi ni za kupigia hesabu tu, kila shamba liweke zake. Kati ya hizo, viazi na vitunguu vya kununua vinaweza kula milioni 3.2, vibarua 2.4, samadi na mbolea 1.5, usafiri 1.2, mbegu laki tisa, mafuta ya pampu laki sita, kreti, mizani na kodi ya shamba laki saba, dawa laki tano, na akiba ya dharura milioni moja. Inabaki milioni 2.4, ambayo ni ujira wa mkulima: laki tatu kwa mwezi kwa miezi minane. Mstari huo wa mwisho ndio unaosahauliwa. Vikundi vinaandika bajeti hadi bei ya kamba ya kufungia nyanya, halafu mkulima mwenyewe anaonekana kama anaishi kwa hewa. Akikosa ujira kwenye karatasi atajilipa gizani, kwa kuuza pembeni.

Malipo yasidaiwe Januari. Januari ni ada, sare na kodi ya nyumba. Mwalimu au muuguzi atakayeahidi mwezi huo atadanganya bila kupenda. Awamu ya kwanza 60,000 ilipwe mwisho wa Novemba, ya pili 60,000 mwisho wa Februari, na 48,000 kila mwisho wa mwezi kuanzia Juni hadi Oktoba. Hivyo kabla ya kapu la kwanza shamba lina milioni 4.8, inayotosha mbegu, samadi na vibarua wa kuandaa matuta. Fedha hiyo isikabidhiwe yote kwa mkono mmoja. Iingie kwenye akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, mkulima akiwa mmoja wao, na itoke kwa kazi: leo ya kitalu, mwezi ujao ya samadi. Si kwamba mkulima ni mwizi. Ni kwamba mtu mwenye milioni mbili mfukoni mwezi Desemba ana ndugu wengi. Kikundi kikijiandikisha halmashauri kupitia kwa afisa maendeleo ya jamii, benki haitawasumbua.

Kifungu cha hasara kiandikwe kabla ya kifungu cha bei. Mvua ya mawe ikipiga, sakitu ikishuka, mto ukikauka kwa wote, hasara ni ya kikundi: kapu linapungua, fedha hairudi, na akiba ya dharura inanunua kinachoweza kununuliwa. Mkulima akisahau kumwagilia kitalu, au akichelewa kufunga nyanya kwenye miti zikaozea chini, hasara ni yake na analipa kwa kuongeza wiki mwisho wa msimu. Nani aamue? Kamati ya watu watano, wawili kutoka upande wa shamba, na afisa ugani wa kata akiitwa kuangalia. Waamue ndani ya siku saba, shambani, si kwenye simu.

Kuuza pembeni ndiko kunakoua imani. Bei ikipanda, dalali anafika saa 12 asubuhi na noti taslimu, na nyanya za kapu ziko pale pale zinameremeta. Mkataba useme: kapu la Jumamosi likishajaa, kinachobaki ni cha mkulima auze anakotaka, kabla ya hapo hakitoki hata kikombe. Upande wa pili nao ubanwe. Kaya inayoacha Agosti kwa sababu sokoni ni rahisi hairudishiwi awamu zilizopita, ila inaruhusiwa kuuza hisa yake kwa kaya nyingine. Anayesafiri amtume mtu. Kapu lisilochukuliwa hadi saa 1 usiku linakwenda kwenye kituo cha watoto kilichochaguliwa na kikundi, na mwenyewe asidai.

Siku ya kuvuna ina adabu zake. Majani yachumwe alfajiri kabla jua halijagusa bonde, yawekwe kivulini na kufunikwa gunia la katani lililoloweshwa. Yakichumwa saa 4 yameshapoteza maji na hakuna kunyunyizia kutakakoyarudisha. Nyanya zichumwe zikiwa zimeanza kuwa nyekundu, zikaushwe umande, zisioshwe. Ziende kwenye kreti za plastiki za kilo 20, zikiishia vidole viwili chini ya ukingo, kwa sababu kreti ya juu inakaa juu ya kreti, si juu ya nyanya. Tenga la mbao lililofungwa kwa nyasi na kurundikwa hadi kuvimba mgongo linafika mjini na robo ya chini ikiwa tayari rojo. Majani yasisafiri yakiwa yamechanganywa na nyanya au ndizi mbivu: matunda yakiiva hutoa gesi ya ethilini inayoyafanya majani yawe ya njano kabla ya Jumatatu. Viazi vikae gizani. Vilivyogeuka kijani vitolewe, vina sumu na uchungu hauondoki kwa kuchemsha.

Kila kitu kipimwe kwa kilo. Lumbesa, ule mrundiko wa juu ya mdomo, tumeikataza kwenye gunia, ambalo kisheria lisizidi kilo 100, lakini tunairudisha kwa mlango wa nyuma tukikubali “fungu” na “sado iliyojaa vizuri”. Mizani ya mezani ya kilo 20 yenye muhuri wa mwaka huo wa Wakala wa Vipimo inamaliza ubishi wote. Na pale pa kuchukulia, tuseme uwanja wa kanisa au shule, liwekwe kreti moja la kubadilishana: asiyekula bamia aiache, achukue karoti ya asiyependa karoti. Kreti hilo limezuia malalamiko mengi kuliko kamati yoyote. Kuhusu ushuru wa njiani, tangu mwaka wa fedha 2017/18 mzigo wa mkulima usiozidi tani moja unaovuka halmashauri moja kwenda nyingine umesamehewa, na kilo 400 ziko chini sana ya hapo. Dereva awe na barua ya kijiji hata hivyo, itampunguzia maelezo kwenye geti.

Kaya nyingi zinajiunga kwa hofu ya dawa, kisha hazifungui daftari la dawa hata siku moja. Liwe shambani, limening'inizwa kwa kamba: tarehe, jina la dawa, kipimo kwa bomba la lita 16 au 20, zao, na siku za kusubiri kama zilivyo kwenye kibandiko. Kibandiko kikisema siku 7, nyanya iliyopigwa Jumatano haiingii kapu la Jumamosi hii, inangoja ya pili. Dawa iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Ya kumiminiwa kwenye chupa ya soda isivuke mlango wa shamba. Kwa kantangaze, anza na mitego ya harufu na kuchuma kila wiki majani yenye michirizi myeupe kama karatasi iliyoungua. Matunda yenye tundu karibu na kikonyo yafungwe kwenye mfuko mweusi juani, yasitupwe pembeni ya shamba. Anayetaka shamba lisilotumia viuatilifu vya viwandani kabisa aseme tangu Novemba, maana mavuno yanapungua na bajeti inabadilika. Ipo alama ya Kilimohai kwa mazao ya namna hiyo, na ukaguzi wa pamoja wa wakulima wenyewe. Kuandika “asilia” kwa peni kwenye boksi si ukaguzi.

Limebaki la maji, ambalo kwetu ndilo la kuchagulia shamba. Huku vinyungu, yaani bustani za mabondeni penye unyevu, vinasifiwa kwa kiangazi, na ni kweli vinatoa mboga wakati mlima umekauka. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu kingo ndani ya meta 60 kutoka mto au bwawa, na kikundi kilicholipa milioni 4.8 kwenye kinyungu cha ukingoni kinaweza kukuta kimewekewa bango la katazo mwezi wa Julai. Pima kwa futi kamba kabla ya kusaini. Mto uliokwisha kupita katikati ya mji msiutumie kumwagilia mboga za majani, hata ukionekana mweupe. Muulizeni mkulima zamu yake ya mfereji ni siku gani na saa ngapi, kisha muulizeni jirani yake wa juu swali hilohilo. Majibu yakitofautiana, tafuteni shamba lingine.

Na msilikague shamba Aprili, kila mfereji una maji Aprili. Wanaotaka kapu la Juni ijayo waende Oktoba hii, siku ya zamu, mchana, wasimame kwenye kijito na ndoo ya lita 20 na saa ya mkononi. Ndoo ikijaa ndani ya nusu dakika maji hayo ni lita 40 kwa dakika, 2,400 kwa saa. Robo tatu ya eka katikati ya kiangazi inaweza kunywa lita 10,000 hadi 15,000 kwa siku, kwa hiyo mkulima mwenye zamu ya saa mbili mara mbili kwa wiki hawezi kulisha kaya 40. Labda 4 au 5.

Wasomaji wenu,
Uyole, Mbeya